Betri za Talal Zinafuka Moshi

Kiganja cha Ruqaya kiko pale pale tulipokiacha: kimegandama kwenye mlango wa stoo, na mlango una joto kama ubavu wa birika.

Aliuvuta mkono. Chini ya mlango moshi mweupe ulikuwa unatambaa juu ya sakafu, unamfuata miguuni.

Kwa aliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza, habari ni hii. Ruqaya ni fundi wa umeme wa Mji Mkongwe, aliyeacha kazi ya kuajiriwa akaanza kukodisha baiskeli za umeme, chini ya nyumba ya marehemu baba yake mtaa wa Kiponda. Mwaka ni 2008. Baiskeli zilikuwa nzuri, wageni walizipenda. Betri ndizo zilizomtia balaani. Talal, mtoto wa ami yake, alimletea shehena ya betri kutoka Dubai, akaapa kuwa mpya. Ruqaya alizipima zote. Alizijaza chaji, akazifungia taa za gari zizinyonye, akakaa mbele yake na mita mkononi. Nyingi zilikata roho kabla chai yake haijapoa. Nyengine zilivimba ubavuni kama shavu la mwenye jino bovu. Akazikataa, akazitia stoo, akafunga kwa kufuli, akamwambia Talal azirudishe zilikotoka.

Leo ni Ijumaa, adhana ishatoka, wanaume wa mtaa wote wako msikitini. Ruqaya ndiyo kwanza ameingia nyumbani, yuko peke yake ukumbini. Na juu ya stoo ile ile, orofani, amelala mama yake, Bi Arwa, ambaye tangu apate kiharusi hawezi kushuka ngazi.

Ruqaya alitia ufunguo kwenye kufuli. Haukuingia.

Akaugeuza. Haukuingia. Akainama kutazama. Kufuli lile halikuwa lake! Lake lilikuwa la shaba, kuukuu, limepauka. Hili lilikuwa jipya, linang'aa kama limetoka dukani asubuhi.

"Yarabi, nani kaja hapa?"

Akajibiwa na kikohozi.

Kilitoka ndani ya stoo.

"Nani yumo humo?" Sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Bi Ruqaya... Miye, Mjaka. Nifungulie, nakufa!"

Mjaka! Fundi wake wa baiskeli kutoka Ng'ambo, mshirika wake tangu siku ya kwanza ya biashara, mtu ambaye saa hii alitakiwa awe kwenye safu anasali.

"Kakufungia nani?"

"Fungua kwanza! Moja ishaanza kulia!"

Na Ruqaya akaisikia. Mluzi mwembamba, kama wa birika lililo mbali. Wiki ile ile, kwenye majaribio, betri moja ilipiga mluzi kama huo uani, na kabla hajavuta pumzi ilipasuka, ikatupa cheche mpaka juu ya kamba ya nguo. Ile ilikuwa moja, tena uani. Humu ndani zimepangwa sanduku juu ya sanduku. Ikishika moja, itaishika jirani yake, na jirani itaishika nyengine, na juu ni boriti kavu, na juu ya boriti ni mama yake. Nyumba za Kiponda zimeegemeana mabega. Gari la zimamoto haliingii kichochoroni mle, hata mkokoteni huingia kwa kubembelezwa.

"Lala chini, Mjaka! Funika pua! Usiiguse!"

Akatoka mbio mpaka mlango wa nje.

"Moto! Jamani, moto!"

Wa kwanza kutokeza alikuwa jirani wa mkabala, Bi Mwanapili, mikono imejaa unga wa chapati.

"Uko wapi?"

"Stooni. Mtu yumo ndani, kafungiwa. Nataka cha kuvunjia tumbuu la kufuli!"

Bi Mwanapili hakuuliza la pili. Aliingia kwake, akarudi na mchi wa kinu begani. Nyuma yake wanawake wa mtaa walikuwa washaanza kumiminika, mwenye ndoo, mwenye beseni, mwenye mtoto kiunoni.

"Nyie nendeni juu kwa mama!" Ruqaya aliwapigia ukelele. "Mteremsheni hata kwa kiti!"

Wakaanza kupiga. Mchi ulishuka juu ya tumbuu, mbao zikatetemeka, kufuli likacheka. Ruqaya anapiga, Bi Mwanapili anapiga. Ndani kikohozi kilikuwa kinapungua, na kile kilichomtisha Ruqaya zaidi ya kikohozi ni kupungua kwake. Kutoka juu ikasikika sauti ya Bi Arwa, kali kama siku zake za uzima:

"Sishuki kichwa wazi mie! Nipeni buibui langu! Nipeni buibui!"

"Mama, shuka!" Ruqaya alilia huku anapiga. "Shuka hivyo hivyo!"

Tumbuu likang'oka na kipande cha mbao.

Moshi ulitoka kwa kishindo, mweupe, wenye harufu tamu tamu inayochefua. Mjaka akatoka ndani yake kwa magoti. Alitambaa mpaka katikati ya ukumbi, akatapika, akalala ubavu. Macho yamemtoka, vifundo vya vidole vimechubuka mpaka damu.

Ruqaya akatazama ndani.

Chaja zilikuwa zimepangwa ukutani, nyaya zimechomolewa na kutupwa ovyo. Katikati ya sakafu ilikuwapo betri moja, kava limepasuka, inatoa moshi na kupiga mluzi. Hatua chache nyuma yake yalisimama masanduku yaliyojaa.

"Usiingie, Ruqaya!" Bi Mwanapili alimshika mkono. "Nakwambia usiingie!"

"Ikipasuka humu, mtaa mzima unakwenda."

Aliivua kanga yake ya mabegani, akaichovya kwenye ndoo, akajizonga uso. Nje, hatua chache kutoka mlangoni, mbele ya nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa, mafundi walikuwa wameacha chungu ya mchanga na chepe. Alilichukua chepe, akarudi ndani.

Alilisukuma chepe chini ya betri, akaiinua. Ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia, na ilikuwa inatetemeka, kama ndani yake mna kitu hai kinachotaka kutoka. Alitembea nayo kuvuka ukumbi. Hakukimbia, maana akikimbia itaanguka. Ngazini wanawake walikuwa wanamteremsha Bi Arwa kwenye kiti, buibui lake kichwani, na mama akamwona binti yake anapita na moto juu ya chepe.

Ruqaya alifika mlangoni. Akaitupa juu ya chungu ya mchanga.

Haikungoja. Ilipasuka pale pale, mwale mweupe ukaruka juu kuliko mlango, cheche zikagonga kuta za pande zote mbili.

"Mchanga! Ufukieni!"

Mabeseni yalifanya kazi. Wanawake wa Kiponda waliufukia moto ule mpaka ukabaki unafuka moshi chini kwa chini. Kisha kwa amri ya Ruqaya wakapanga mstari, wakayatoa masanduku yaliyobaki moja baada ya jengine, wakayaweka katikati ya gofu lisilo paa lililoko nyuma ya nyumba, mbali na kila ukuta unaokaliwa.

Bi Arwa aliwekwa kwenye kiti chake kichochoroni. Ruqaya alimpigia magoti, akambusu mkono.

"Yamekwisha, mama."

Hayakuwa yamekwisha.

Mjaka alikuwa amekaa juu ya baraza anakunywa maji, nusu yanaingia, nusu yanamwagika kifuani.

"Bi Ruqaya," alisema, sauti imekwaruza, "masanduku umeyaona yote?"

"Yako gofuni."

"Hayajatimia. Ndo nlichoingilia humo. Nlikuwa nakwenda kusali, nkapita hapa nkaona mlango wa stoo wazi na chaja zinavuma. Nkaingia kuzichomoa. Natazama, masanduku ya mbele hayapo. Nyuma yangu mlango ukafungwa. Nligonga mpaka mikono ikatoka damu."

"Hukumwona aliyefunga?"

"Nliona pindo la kanzu tu."

"Jana," Mjaka akaendelea, "Tabia kanambia baiskeli za hoteli zimepata betri mpya. Nkafikiri umezipata kwengine, ukazipeleka weye."

"Mimi sijapeleka betri yoyote Matemwe."

Walitazamana.

Tabia ni mdogo wake Mjaka, baba mmoja mama mmoja. Kazi yake ni kuwaongoza wageni wa hoteli moja ya Matemwe, hoteli inayokodi baiskeli zake kwa Ruqaya. Leo alikuwa anawapeleka wageni Mkokotoni kuona soko la samaki. Na kwa kuwa njia ni ndefu, Tabia hubeba betri ya akiba.

"Huibeba wapi?" aliuliza Bi Mwanapili.

Mjaka alijibu kwa shida.

"Kwenye shanta. Mgongoni."

Ruqaya alishaitoa simu. Akapiga. Simu ya Tabia haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Akapiga hotelini. Akapokea Kificho, msimamizi wa baiskeli.

"Wametoka kitambo, Bi Ruqaya. Mbona una wahka hivyo?"

"Betri kaleta nani?"

"Kaleta Talal mwenyewe. Kasema umezipima, umezipitisha. Jioni analeta na zilizobaki, zishajaa chaji. Kwani vipi?"

Ruqaya aliishusha simu, maana pale pale kwenye kona ya kichochoro alikuwa anatokea Talal.

Alikuwa ametoka kusali. Kanzu nyeupe imenyooka, kofia imekaa vizuri, harufu ya udi inamtangulia. Uso ulikuwa na tabasamu lake la siku zote.

"Kuna nini, binti ami? Mbona watu..."

Aliuona mchanga unaofuka. Akaliona tumbuu lililong'olewa mkononi mwa Bi Mwanapili. Kisha akamwona Mjaka amekaa barazani, mzima. Tabasamu likaondoka, na uso uliobaki ulikuwa wa mtu mwengine.

Mjaka aliinuka.

"Funguo za gari unazo?" Ruqaya aliuliza kabla yeyote hajasema neno.

"Ninazo. Lakini..."

"Twende Mkokotoni. Mbio."

"Bi Ruqaya!" Mjaka alipaza sauti. "Tukae gari moja na huyu?"

"Gari ni lake, Mjaka. Na Tabia ni wako."

Wakaenda.

Ruqaya alikaa mbele, Mjaka nyuma. Wakaipita Bububu. Ruqaya alikuwa anapiga simu ya Tabia, anaishusha, anaipiga tena. Njia ilikuwa na baiskeli, na ng'ombe, na watu wanaotoka kusali wanaotembea katikati ya barabara kwa raha zao. Kila mmoja wao Ruqaya alitamani kumtoa kwa mkono.

Karibu na Mahonda Talal akaanza kusema mwenyewe.

"Kufuli nlitia miye, sikatai. Ufunguo wako wa akiba nliuchukua kwa Bi mkubwa juzi nlipokwenda kumwamkia. Nlizitia chaji, nkafunga, nkenda zangu kusali. Hiyo ndo dhambi yangu. Sikujua kama ndani mna mtu."

"Nligonga," Mjaka alisema kutoka nyuma.

"Nlidhani paka."

Gari likaendelea kwenda.

Ruqaya akageuza uso polepole kumtazama mtoto wa ami yake. Walikua pamoja, walikula sahani moja. Alimjua anavyocheka na anavyoogopa.

"Talal," alisema kwa upole uliotisha kuliko ukelele, "kwa hiyo ulisikia."

Talal aliukamata usukani kwa nguvu. Jasho lilimtoka chini ya kofia.

"Ulimsikia anagonga, ukaondoka."

"Nlitaka anyamaze mpaka sala iishe! Basi! Nlijua akitoka atakwambia, na weye utaipigia hoteli, na miye nshawapa ahadi. Nlikuja kumfungulia, Ruqaya, ndo maana nlirudi. Wallahi sikujua kama zitashika moto."

"Nlikwambia. Nlikuonesha moja inavyopasuka."

Talal alikaza macho njiani.

Mjaka alinyoosha mkono kutoka nyuma. Vidole vyake vilivyochubuka vilifika kwenye ukosi wa kanzu nyeupe, vikaushika, vikaanza kukaza. Gari likayumba. Mwanamke aliyekuwa na kuni kichwani aliruka pembeni ya njia.

"Mjaka!" Ruqaya aliukamata ule mkono kwa mikono yake yote. "Siyo sasa. Tabia kwanza. Nakuomba. Tabia kwanza."

Vidole vililegea kimoja kimoja. Kwenye ukosi ilibaki alama ya damu.

"Sema kweli sasa," Ruqaya alimwambia Talal. "Ni betri gani zile?"

"Si mpya. Ni seli za kompyuta kongwe. Huzitoa kwenye mabaki, wakaziunganisha, wakazivisha kava jipya. Aloniuzia alinambia zitasukuma mwaka."

"Na ukampa dada yake Mjaka abebe mgongoni."

Talal alikanyaga mafuta. Hakulitoa tena guu mpaka Mkokotoni.

Soko lilikuwa limefurika. Maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na ukuta, yameacha ukanda wa tope tu, vyombo vimefunga, mnada wa samaki umepamba moto. Pembeni, juani, baiskeli za hoteli zilikuwa zimeegeshwa kwa safu, na kila moja na betri yake chini ya kiti. Wageni walikuwa wanapiga picha.

"Tabia yuko wapi? Mnamwona?"

Mjaka ndiye aliyemwona. Alikuwa mbele ya meza ya pweza, anacheka, anamfasiria mgeni bei. Shanta ilikuwa mgongoni. Na upande mmoja wa shanta ulikuwa umetuna, umekaza, kama uliotiwa bakuli la mviringo.

"Kaka!" Tabia aliita kwa furaha. "Umefuata nini huku?"

Mjaka aliikodolea macho ile shanta.

Ruqaya akamsogelea, anatembea taratibu, uso ameutuliza kwa nguvu zote.

"Tabia, mwanangu, usikae chini wala usiegemee popote. Vua shanta polepole."

"Kwani kuna nini? Nyoka?"

"Vua tu."

Tabia alishika kifungo cha kifuani. Kifungo hakikufunguka. Shanta ilikuwa imevimba mpaka mikanda imemkaza. Akajaribu tena, na kicheko kikamwisha.

"Ina moto, Bi Ruqaya. Tangu Mkwajuni naihisi, nkasema jua. Bi Ruqaya, ina moto!"

Mluzi ukaanza.

Aliusikia Ruqaya, aliusikia Mjaka, na Talal aliyesimama nyuma yao akausikia pia, akarudi nyuma hatua moja. Mjaka aliruka mezani, akampokonya muuza pweza kisu chake, akakata mkanda wa bega la kulia. Kisu kilikuwa na utelezi, kikamponyoka, akakidaka. Akakata wa kushoto. Tabia alikuwa anapiga kelele sasa, mgongo unamuungua. Mkanda wa kifua ndio uliobaki, na chini ya kisu ni kifua cha dada yake.

"Bismillahi," alisema, akakata.

Ruqaya aliishika shanta kwa kipande cha mkanda kabla haijagusa chini. Akakimbia. Hii ilikuwa ya kukimbiwa. Watu walimpisha bila ya kujua wanampishia nini. Alifika ukingoni, akaizungusha, akaitupa baharini.

Ilipasukia ndani ya maji. Maji yalichemka, yakatoa moshi, na moto mweupe ukaendelea kuwaka chini ya uso wa bahari. Soko zima likatimka. Mzee mmoja mchuuzi alishika kichwa anasema, "Moto unawaka majini, waja wa Mungu, moto unawaka majini!"

Tabia alikuwa ameanguka mikononi mwa kaka yake. Blauzi ilikuwa imebabuka, ngozi ya mgongo imekuwa nyekundu, lakini alikuwa anapumua, analia, anauliza maswali bila ya kungoja majibu. Mjaka alikuwa analia pia, wazi wazi, mbele ya soko.

Ruqaya alitaka kukaa. Lakini baiskeli zilikuwa bado juani.

"Zitoeni betri zote! Zipangeni kwenye tope, kila moja mbali na mwenziwe!"

Talal alitangulia. Hakuambiwa mara mbili. Aliingia topeni na kanzu yake nyeupe, akazichukua moja moja kama abebaye mayai, na kila akirudi midomo yake ilikuwa inasoma dua. Hakuna aliyemtazama usoni.

Zilipomalizika Ruqaya alizikagua kwa macho, kisha akazihesabu baiskeli.

"Tabia. Kuna moja haipo."

Tabia alikuwa anamwagiwa maji mgongoni. Aliinua kichwa.

"Ile ya Bi Mwanakheir."

"Bi Mwanakheir nani?"

"Mkunga. Kaazimwa na hoteli tangu jana, kavuka nayo Tumbatu, apate kuwahi wazazi wanaojifungua upande wa pili. Leo anarudi." Tabia alinyoosha mkono kuelekea baharini. "Hata chombo chenyewe kile pale kinakuja."

Kilikuwa boti ya mashine, ndogo, imo katikati ya mkondo baina ya Tumbatu na Mkokotoni. Watu waliomo walionekana kama vitone. Mbele, juu ya ubavu, lilikuwa linameta gurudumu la baiskeli.

"Kwenye boti kama zile huweka wapi petroli?" Ruqaya aliuliza.

"Kwenye madumu," alijibu mwenye boti mmoja aliyekuwa karibu, jina lake Borafya. "Katikati. Chini ya miguu ya watu."

Talal alishaivua kanzu. Alikuwa yumo majini na fulana na kikoi, anaisukuma boti ya Borafya.

"Nipe mashine!" alipiga kelele. "Borafya, nipe mashine, n'takulipa boti nzima!"

Borafya alimtazama, akamtazama Ruqaya, kisha akaruka ndani. Na mtu wa tatu akaruka nyuma yao. Alikuwa Mjaka. Alikaa mkabala na yule aliyemfungia kwenye moshi, magoti yanagusana. Mashine ikanguruma.

"Namba yake unayo?" Ruqaya alimwuliza Tabia.

Tabia alikariri namba. Ruqaya akapiga. Simu ikaita. Ikaita. Ikaita.

"Naam," ilijibu sauti ya mwanamke mtu mzima, nyuma yake upepo.

"Shikamoo Bi Mwanakheir! Ni Ruqaya, mwenye baiskeli!"

"Marahaba, mwanangu. Sema upesi, nna mzazi humu, mtoto kakaa vibaya, namkimbiza hospitali."

"Betri ya baiskeli! Itoe, itupe baharini, sasa hivi!"

"Betri haimo kwenye baiskeli. Nliitoa, naogopa isirukiwe na maji ya chumvi." Upepo ulimeza maneno, ukayarudisha. Kule mkondoni, mbele ya macho ya Ruqaya, boti ilikuwa imezima mashine na kusimama. "Nimewaambia wazime, mtoto kishatanguliza mguu, mtikisiko utamuua."

"Bi Mwanakheir, nisikilize! Hiyo betri iko wapi?"

"Iko hapa hapa. Bibi wa watu hana pa kulaza kichwa, nimeizongea kanga, nimemfanyia mto."

Na simu ikakatika.